Fundi Cherehani na Mazabodi

Usiku ule simu ilikuwa imelazwa juu ya kigoda, katikati ya mama na binti, kama mgonjwa anayesubiriwa afumbue macho. Basi la kutoka Dar lilitakiwa kuingia stendi ya Nyegezi saa tatu. Saa nne likawa bado liko Shinyanga, linabadilishwa tairi. Ilipofika saa sita kondakta alikuwa hapokei simu tena.

Ndani ya basi hilo, kwenye bahasha iliyozungushiwa selotepu na kuandikwa kwa kalamu nene PRECIOUS LUHAGA, MABATINI, kulikuwa na kitu chembamba kisichozidi ukubwa wa biskuti. Kinaitwa prosesa. Dorotea hakuwahi kukiona, lakini tangu jioni alikuwa anakiwazia kama mtoto aliyetumwa dukani na giza likamkuta njiani.

"Mama, nenda ukalale," Precious alisema. "Likifika watapiga."

"Na wewe?"

"Mimi sina usingizi."

"Basi na wangu umekwenda huko huko ulikokwenda wako. Kula hivi viazi vya michembe."

Dorotea alikuwa na miaka arobaini na nane. Shule aliiacha alipomaliza la saba kule Magu, na kwa miaka kumi na tisa sasa alikuwa akishona sare za shule barazani mwa duka moja la hapo Mabatini. Alikuwa mtu wa wasiwasi na mtu wa macho. Akifunga mlango anapiga hatua tatu, anarudi kuusukuma aone kama kweli umefungwa. Watoto wa mtaani walimuigiza. Lakini nguo iliyotoka kwake hairudi, na mama wa Mabatini akisema nguo hairudi, amemaliza sifa zote.

Precious, mzaliwa wake wa pili, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kidato cha nne alimaliza na matokeo ambayo nyumbani hayakuzungumzwa mara mbili. Baadaye akapata kazi ya kutoa kopi kwenye stesheneri, na huko, kati ya mteja na mteja, akaanza kufungua kompyuta zilizokufa. Alijifunza kwa video za kwenye simu na kwa kuharibu. Siku hizi kompyuta ikigoma mtaani, watu wanasema, "Mpelekee binti wa fundi cherehani."

Hilo ndilo lililomfikia Mutayoba. Mutayoba alikuwa Mhaya wa makamo, mstaafu wa benki, aliyekodi chumba kikubwa pale Mirongo ili vijana waje kucheza gemu za kompyuta kwa kulipia saa. Alitaka kompyuta kumi, na mtu wa kuzijenga na kuziangalia. Akachagua watu wawili: Precious, na kijana mmoja aitwaye Chenge, mwenye cheti cha chuo. Kila mmoja akampa fedha sawasawa.

"Kila mtu aniletee kompyuta moja ya gemu," aliwaambia. "Ya bei ya kawaida, ambayo nikiizidisha mara kumi sitalia. Ijumaa saa tisa mchana. Itakayocheza saa mbili mfululizo bila kunitia aibu, aliyeijenga ndiye atakayeshika funguo za hapa."

Usiku huo ulikuwa wa Jumatano. Kadi ya picha, memori, diski na kasha la chuma vilikwishapatikana, vimepangwa chini ya meza ya cherehani na kufunikwa shuka safi. Mjomba Pius alikuwa ameipata prosesa Kariakoo kwa bei ya kutupa. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, cha kununuliwa kesho yake.

"Hebu nieleze tena hicho cha kesho," alisema. "Nieleze kama unamweleza mtu wa la saba, kwa sababu ndivyo ilivyo."

Precious alicheka, akavuta daftari lake. Akachora mraba mkubwa. "Hii ni mazabodi. Ni kama kiwanja. Kila kitu kinasimama juu yake. Hapa anakaa prosesa, ndiye anayefikiri. Hapa memori, hapa kadi ya picha. Sasa hapa pembeni, chini ya kibati, kuna kidude kinaitwa chipseti. Chipseti ndiyo inayosema ni vitu gani vinapokelewa kwenye mazabodi hii, vingapi, na vipite kwa mwendo gani. Ukikosea chipseti, hata uwe na prosesa ya dhahabu, hutacheza."

Dorotea alitazama ule mchoro. "Kwa hiyo chipseti ndiyo mimi hapa nyumbani."

"Ndiyo wewe!" Precious alipiga makofi. "Halafu baba ndiye prosesa?"

Kutoka chumbani, mkoromo wa Luhaga ulipanda, ukakata kona, ukashuka.

"Baba yako ni feni," Dorotea alisema. "Usiku kucha inazunguka, kelele tupu."

Walicheka mpaka Precious akaanguka ubavu. Kisha akafungua ukurasa mwingine. Kwenye duka la Machibya, mtaa wa Rwagasore, kulikuwa na mazabodi mbili zilizomfaa. Moja ilikuwa na chipseti ya B450. Hiyo ilikuwa kubwa, ina vibati vinene vya kupoza, taa pembeni, nafasi nne za memori, na inaruhusu prosesa kulazimishwa iende kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. Ilishatumika, lakini bado ilikuwa na bei kuliko nyingine. Ya pili ilikuwa na chipseti ya A520, ndogo, mpya, nafasi mbili za memori, haina taa na hairuhusu kulazimishwa. Kwenye daftari, B450 ilikuwa imezungushiwa duara mara tatu.

"Hiyo ya kulazimisha mwendo," Dorotea aliuliza, "tajiri ameomba?"

"Hajaomba."

"Hao watakaokuja kucheza, watailazimisha wao?"

"Hapana, mama. Lakini Mutayoba akifungua kasha akaiona ilivyo, atajua huyu mtu anajua vitu. Chenge ana cheti. Mimi nina nini cha kuonyesha?"

Dorotea alitaka kusema sare ya shule haishonwi kwa satini hata kama satini inang'aa. Akajizuia. Yeye ni nani wa kuzungumzia vidude vyenye herufi na namba? Alimwangalia binti yake, macho mekundu kwa usingizi na kwa furaha, akaona afadhali asiwe yeye wa kuizima.

Saa nane na robo simu ililia. Wote wawili waliikamata pamoja.

"Ndiyo, ndiyo kaka, shikamoo," Precious alisema kwa kuhema, akimwamkia kondakta aliyekuwa pengine mdogo wake. "Limefika? Bahasha ipo? Ipo!"

Dorotea akanyanyua mikono juu bila sauti, asije akamwamsha feni.

*

Asubuhi cherehani haikufunguliwa. Jirani mmoja aliuliza kuna msiba wapi.

Walichukua bahasha Nyegezi, wakarudi mjini na mfuko uliojaa vile vitu vya chini ya meza. Precious alitaka vingine vibaki nyumbani, kwa kuwa walikuwa wanakwenda kununua mazabodi tu. Dorotea alikataa.

"Mimi nimenunua cherehani mbili katika maisha yangu," alisema. "Unakwenda na kitambaa chako na uzi wako. Unakaa hapo hapo dukani, unashona. Cherehani ya muuzaji hushona vizuri sana kitambaa cha muuzaji."

Duka la Machibya lilikuwa jembamba kama ushoroba, nyaya zinaning'inia, wateja wanne wamesimama wakigombania chaja. Machibya mwenyewe alikuwa Msukuma mnene mwenye kicheko cha karibu. Alipomwona Dorotea akajua ni wa nyumbani, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, baba. Tumekuja kwa ile mazabodi."

"Precious nilimwekea. Kuna mtu juzi alitaka kunipora." Akashusha boksi kubwa lenye picha ya mwewe wa rangi ya fedha. Pembeni kulikuwa na stika nyekundu. "Soma mwenyewe. Inakubali prosesa za namba za kuanzia elfu tano. Ya kwako si ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo," Precious alisema. Alikuwa ameshaitoa mazabodi kwenye boksi, anaigeuza juani. Vibati viling'aa.

"Basi funga, tulipane."

"Iwashwe kwanza," Dorotea alisema.

Machibya aliwageukia wateja wa chaja. "Mnamsikia mama? Mayu, huu si mnada wa ng'ombe, useme atembezwe tumwone."

Wateja wakacheka.

"Ng'ombe ana miguu minne," Dorotea alijibu. "Hii haina hata mmoja. Ndiyo maana nataka kuiona inasimama."

Safari hii walicheka zaidi, na Machibya akacheka kuliko wote. Akafagia chaja kwa mkono, akaweka kadibodi juu ya kaunta na skrini pembeni. "Haya, mayu. Leo utafundisha soko zima."

Precious alifungua bahasha ya Pius. Prosesa ilikuwa na vipini vidogo chini, mamia, kama meno ya brashi mpya. Aliilaza mahali pake kwa vidole viwili, akafunga kikomeo. Akapachika memori, feni na kadi ya picha. Akavuta pumzi. Akagusisha bisibisi kwenye vipini viwili vya kuwashia.

Feni ikazunguka. Taa za mazabodi zikawaka zambarau, kisha bluu. Mteja mmoja akapiga mluzi.

Skrini ilibaki nyeusi.

Walisubiri. Precious alizima, akahamisha memori, akawasha. Nyeusi. Akatoa kadi ya picha, akaifuta, akairudisha. Nyeusi. Akabakiza memori moja. Nyeusi kama sufuria ya shughuli.

"Prosesa imekufa," Machibya alisema, safari hii bila kicheko. "Pole, mdogo wangu. Hizi za Kariakoo mtu anauziwa maiti."

Precious alimpigia mjomba wake. Sauti ya Pius ilisikika mpaka mlangoni. "Nimeiona inawaka kwa macho yangu! Niliwaambia waiwashe mbele yangu! Dada si ndiye aliyenifundisha hivyo?" Precious akakata simu. Fedha ya Mutayoba ya prosesa ilikwishatumika, na nyingine haipo. Ijumaa ni kesho. Alikaa juu ya ndoo, akaweka viganja magotini.

"Basi Chenge achukue," alisema polepole.

Ule woga wa siku zote ulimrudia Dorotea. Lakini mikono yake, ambayo haikuzoea kukaa bure, ilikwishachukua lile boksi. Aliligeuza. Maandishi ya Kizungu aliyaacha. Akafika kwenye kijikaratasi cheupe pembeni, chenye mistari myeusi na chini yake namba ndefu. Namba alizijua. Namba ndizo zilizomlisha.

Fundi wa sare hashoni shati moja. Anakata mashati arobaini kwa siku, na vipande vyote vinafanana rangi. Usipoviandika namba kwa chaki, mkono wa shati la huyu utajikuta kwenye bega la yule. Kwa mbali nguo ni nzuri, lakini mtoto akiivaa haimkubali. Dorotea alikosea hivyo mara moja tu, mwaka wake wa kwanza, shule nzima ikamjua. Tangu hapo, kabla ya kushona lolote, anasoma chaki ya kipande hiki, anasoma chaki ya kile.

Akainama juu ya kaunta, akatafuta kwenye mazabodi. Kijikaratasi kama kile kilikuwepo, karibu na nafasi za memori. Akaweka kidole kwenye boksi na kidole kwenye mazabodi. Akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akarudia tena kuanzia mwanzo, kwa kuwa hakujiamini.

"Machibya, mwanangu," alisema. "Hii ya kwenye boksi inaishia saba sifuri nne. Ya huyu inaishia mbili mbili tisa. Na huku mwanzo pia wanaachana."

"Zinaachana vipi?"

"Boksi la mtu mwingine hili."

Machibya akachukua boksi. Akasogeza mazabodi karibu na macho. Taratibu, uso wake ukabadilika kama wa mtu anayekumbuka jiko aliloacha linawaka.

"Aise," alisema. "Zilikuwa mbili. Sura moja, chipseti moja. Moja ya toleo jipya, nyingine ya siku nyingi. Yule jamaa wa Sengerema alichukua moja wiki iliyopita. Alikuja na pikipiki, boksi likawa kubwa, akasema mfungie kwenye gazeti." Akajipiga paji la uso. "Nimempa ya toleo jipya. Nimebaki na boksi lake."

Precious alikuwa amesimama. "Ya zamani! Mama, ni ya zamani!" Akamshika Dorotea mabega. "Ndani ya mazabodi kuna programu ndogo, ni kama daftari la mlinzi wa getini. Prosesa ambayo jina lake halimo kwenye daftari haifunguliwi. Hii B450 ilitoka kiwandani kabla prosesa yetu haijazaliwa. Mpaka daftari liandikwe upya. Na mimi nilijua! Nilijua kabisa, nikaona stika nikaacha kufikiri."

"Kwa hiyo yetu haijafa?"

"Pengine haijafa!"

"Daftari tunaliandika," Machibya alisema haraka. "Nina jamaa Ilemela ana prosesa ya zamani. Tunaipachika, mazabodi inaamka, tunaweka programu mpya. Niachieni mpaka Jumamosi, na kwa usumbufu huu nitapunguza bei."

Jumamosi. Dorotea alimtazama binti yake akiitazama ile mazabodi ya taa, vibati vyake, nafasi zake nne. Ilikuwa nzuri kweli. Hata yeye aliona.

"Leta ile ndogo," Precious alisema. "Ya A520."

"Ile haina mbwembwe," Machibya alionya.

"Nimesikia. Tajiri hakuomba mbwembwe. Hii ilitoka baadaye, na prosesa kama yetu imo kwenye daftari lake. Na kwa kadi yetu hii ya picha, gemu halitajua limekaa juu ya chipseti gani."

Boksi dogo likashushwa. Kabla Precious hajaligusa, Dorotea alinyoosha mkono. Akaweka kidole hapa, kidole pale. Wateja wa chaja walikuwa wamesahau chaja, wanasoma naye kwa sauti. "Tano... tano. Moja... moja. Nane... nane!"

"Ni ndugu," Dorotea alisema. "Shona."

Precious akahamisha vitu vyote. Mazabodi ilikuwa ndogo kama kitabu cha nyimbo, haina hata taa moja. Bisibisi ikagusa vipini. Feni ikazunguka. Skrini ikakaa nyeusi sekunde moja, mbili, tatu, na Dorotea akaanza kuomba Mungu kwa Kisukuma. Mashine ikazimika. Ikajiwasha yenyewe. Halafu herufi nyeupe zikashuka juu ya kioo, mstari kwa mstari, na jina la prosesa likiwa la kwanza.

Kigelegele alichopiga Dorotea kilisimamisha watu barabarani. Mwenye duka la jirani aliingia mbio akidhani kuna harusi. Machibya akapiga meza kwa kofi. "Mayu, kuanzia leo nakuajiri! Kila boksi lipite kwako!"

"Utaniweza mshahara?"

"Nitakulipa kwa samaki, sato wakubwa."

Tofauti ya bei ilibaki mkononi mwa Precious, na alikwishaanza kuangalia feni zenye taa za rangi zilizoning'inia ukutani. "Angalau mbili, mama, kasha lipendeze."

"Umeme ukikatika?" Dorotea aliuliza.

"Ukikatika?"

"Mimi niliwahi kuazima cherehani ya umeme. Umeme ulikatika sindano ikiwa ndani ya kitambaa cha mtu. Mtu mwenyewe amesimama, anasubiri kwenda kanisani. Sitasahau. Huyo kijana akilipia saa yake, anakaribia kushinda, paa. Atamdai nani?"

Precious alitazama feni za taa. Zilikuwa zinazunguka taratibu, nyekundu, kijani, bluu. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ile B450. Kisha akashusha pumzi. "Machibya, una UPS? Hata iliyotumika."

"Ipo. Boksi la betri zito kama jiwe la Bismarck kule ziwani."

"Ijaribiwe," Precious na mama yake walisema kwa pamoja.

*

Ijumaa saa tisa Mutayoba aliwapokea mlangoni, shati jeupe, mikono nyuma. Chenge alikwishafika. Kompyuta yake ilikuwa na ubavu wa kioo na feni nne zinazowaka kama sikukuu. Ya Precious ilikuwa kasha jeusi tu.

"Shikamoo," Precious alisema.

"Marahaba. Wanaojenga wataingia na mimi. Wazazi, wadhamini na waombaji watakaa nje. Sitaki mtu aelekezwe kwa kukonyezwa." Akamtazama Dorotea. "Samahani, mama. Nilifanya kazi benki."

Mlango ulikuwa wa chuma, wa kijani. Mutayoba akautia ufunguo mara moja tu, bila kuangalia, kati ya funguo kumi na kitu kwenye kishada chake, ukafunga.

Dorotea akakaa kwenye ngazi. Alikuwa na shati la mtoto la kushonea vifungo, lakini kifungo cha kwanza alikishona upande usio wake. Kutoka ndani akasikia mpira unaanza: sauti ya watu wengi uwanjani, mtangazaji akipayuka, tena mara mbili, kompyuta mbili zikipishana. Akasikia Mutayoba akiuliza kitu, na Precious akijibu kwa kirefu. Akakamata neno moja tu, chipseti, kisha ile hesabu ya tajiri, mara kumi. Sauti ya binti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya mtu anayemweleza mtu wa la saba.

Saa ya kwanza ikapita. Mto Mirongo ulikuwa unanuka kwa jua nyuma ya nyumba. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni. Dada mmoja alikuwa amekaa chini ya kikaushia nywele, anatafuna bazoka.

Halafu, karibu na mwisho wa saa ya pili, ndani kukasikika mlio, tiii, na mwanga uliokuwa unapita chini ya mlango ukafa. Mtu akasema, "Aaah!" kwa uchungu.

Umeme! Dorotea alisimama, shati likaanguka. Leo hii, saa hii! Akageuka kutazama barabara, na hapo akashangaa. Kikaushia nywele cha saluni kilikuwa kinaunguruma vilevile. Redio ya muuza vocha ilikuwa inaimba. Mtaa mzima ulikuwa na umeme isipokuwa chumba kile.

"Mzee huyu," alijisemea. "Amezima swichi mwenyewe."

Akaweka sikio kwenye chuma. Mpira ulikuwa bado unachezwa. Kiwanja kimoja kilikuwa kimenyamaza, lakini kimoja kilikuwa bado kinapiga kelele, mtangazaji akipanda juu, goooli. Cha nani? Hakuweza kujua. Na Chenge pia angeweza kuwa na mama. Tiii, tiii, boksi la betri lilikuwa linalia, na mabetri, alivyoyajua yeye, hayakuwa na sauti ya jina la mtu.

Mwanga ukarudi chini ya mlango. Viti vikakwaruza sakafu. Mutayoba akasema jambo fupi.

Kisha ufunguo ukaingia kwenye tundu. Haukuzunguka. Ukatolewa. Ukaingia mwingine, ukakwama, ukatolewa. Dorotea alishika kifua. Mutayoba aliufunga mlango huu bila hata kuangalia. Anayeufungua sasa hazijui funguo hizi. Amepewa sasa hivi.

Lakini nani?

Ufunguo wa tatu ukazunguka. Mlango wa kijani ukafunguka, na aliyesimama kwenye kizingiti, kishada cha funguo kikining'inia kidoleni, alikuwa Precious.